Mzee Pekua na Chupa ya Bluu

Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea njiani. Kiwandani walimwita Pekua, na jina hilo likamfuata mpaka uzeeni, watu wa mtaani wakimwongezea "Mzee" mbele kwa adabu bila kujua lilitoka wapi. Lilitoka getini. Alikuwa mkaguzi wa geti katika kiwanda cha mafuta ya kula na sabuni, na tangu ujana mpaka kustaafu alilipwa kwa kazi moja tu, kuwashuku wenzake. Alipekua vikapu, viatu, kofia, hata mikate iliyokwisha kuumwa. Aliyeficha kipande cha sabuni kwapani alimjua kwa salamu tu, maana mwenye sabuni kwapani hawezi kuinua mkono vizuri.

Ila sifa yake kubwa ilikuwa kwenye mapipa. Wajanja walikuwa wakichota mafuta kwenye pipa halafu wanajazia maji. Maji yanakwenda chini, mafuta yanabaki juu, na ukichungulia unaona mafuta matupu. Wakubwa wa kiwanda walichungulia wakaridhika. Pekua hakuchungulia. Alizamisha bomba jembamba mpaka chini ya pipa, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akalitoa, akaachia tone moja kwenye ulimi. Basi hapo kuna mtu kazi imeisha.

"Mwizi namwelewa," alikuwa akisema. "Njaa ni njaa. Lakini anayejazia maji simwelewi kabisa. Huyo anataka aibe na bado aonekane mwema."

Adhabu ya getini aliibuni mwenyewe. Aliyekamatwa alisimamishwa pembeni ya geti saa ya kutoka, amekishika alichoiba kwa mikono miwili mbele ya kifua, wenzake wote wapite wamwone. Haruhusiwi kukaa wala kuegemea, na haondoki mpaka mwenye mali aseme inatosha. Kwa pale, mwenye mali alikuwa msimamizi wa zamu, na msimamizi wa zamu hakuwa mtu wa haraka. Mwanawe Pekua, enzi hizo mtoto wa shule, alikuwa akimpitia baba yake getini jioni, na alijifunza kuwapita waliosimama bila kuwatazama usoni.

Mke alipofariki, na presha ikampanda mzee mpaka akalazwa, mwana huyo alimchukua akae naye. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi umeme, kutwa yuko juu ya ngazi kwenye nyumba za watu. Mkewe alikuwa msusi, akisukia wateja nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na jiko linalotazama ua. Uani palikuwa na bomba la maji, kamba ya kuanikia nguo na geti la mabati. Mzee aliweka kiti chake barazani mahali ambapo angeona vyote hivyo kwa kugeuza shingo tu. Majirani walidhani anapunga upepo, kumbe mzee yuko kazini.

Masharti ya kliniki yalikuwa mafupi: ameze vidonge, na chumvi aisahau. Haikupita wiki mwanawe akamfuma jikoni, kidole kimezama ndani ya kopo la chumvi. Kesho yake kopo likahama jikoni, na mzee hakuliona tena. Maharage yakaanza kuwa na ladha ya maji ya moto. Alilalamika, akaona analalamikia ukuta, basi macho yake yakahamia kwa mkwewe.

Yule binti alikuwa mzima mno kuwa mgonjwa. Ngozi inang'aa, sauti imejaa, na akiwa amekaa na wateja wake anacheka mpaka kuku wa jirani wanakurupuka. Lakini msimamishe! Asubuhi alikuwa hatoki chumbani mpaka jua limekolea, na akitoka anashika mlango, kisha ukuta, kisha kabati, kama mtu anayevuka mto. Alipika amekaa. Alioga amekaa pia, kwa sababu stuli ya plastiki iliingizwa bafuni, na mzee alipouliza ni ya nini alijibiwa kwa tabasamu. Joto linachoma, yeye amevaa soksi ndefu za rangi ya mwili zinazobana mpaka mapajani. Akimaliza kichwa cha mteja analala chali kwenye sakafu ya korido, miguu ameiegemeza ukutani, macho amefumba. Mke wa mtu, mchana kweupe, miguu juu.

Na kila aendako, chupa. Chupa ya plastiki ya bluu, nzito, isiyoonyesha kilichomo. Anapiga funda, anakunja uso, anafunga kifuniko. Mtu anayekunywa maji hakunji uso. Mzee Pekua aliwajua wanaokunja uso baada ya funda, alifanya nao kazi zamu za usiku.

Jioni moja alimvizia mwanawe barazani.

"Mkeo ana nini?"

"Anaumwa, baba. Akisimama, damu inabaki miguuni, haipandi vizuri kichwani. Sasa moyo unakimbia kuivuta. Unakimbia kama wa mtu anayepanda mlima, na mwenyewe kasimama tu hapo."

"Moyo wa nani haukimbii? Wangu unakimbia nikimwona muuguzi."

"Si hivyo, baba. Walimzungusha miaka. Huyu anasema hana damu ya kutosha, yule anasema ni mimba, mwingine anamwambia ni mawazo tu, aache kujidekeza. Mpaka daktari mmoja akamlaza, akampima mapigo, akamsimamisha, akampima tena. Palepale yakaruka. Ugonjwa wenyewe una jina refu, hata mimi ulimi unajikwaa."

"Kwa hiyo ni ugonjwa wa kusimama."

"Tuseme hivyo."

"Akikaa unaondoka."

"Unatulia, baba. Kuondoka ni jambo jingine."

Mzee aliitikia kwa kuguna. Mwanawe ni mtu mwema, aliwaza, na watu wema ndio hupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ugonjwa unaokuja kazi ikianza na kutulia mtu akikaa, huo getini walikuwa na jina fupi la kuuita. Alimkumbuka binti mmoja wa idara ya kufungasha, aliyesimamishwa getini kwa kisa cha kipande cha sabuni. Yule binti alisimama kidogo, akaanza kuyumba, akaanguka puu. Pekua akamwagia maji usoni, binti akafumbua macho, na Pekua akamwambia, "Umemaliza maigizo? Haya, simama." Akamsimamisha, akaanguka tena. Kisa hicho alikisimulia miaka na miaka, akicheka, kuonyesha kwamba yeye hadanganyiki kirahisi.

Basi akaamua kuchukua sampuli.

Siku hiyo mteja alikuwa ametoka tu, msusi amelala koridoni na miguu yake ukutani, na chupa ya bluu imebaki dirishani jikoni. Mzee aliingia kama anayetafuta kijiti cha meno. Akafungua kifuniko, akanusa. Hakuna harufu ya pombe. Akanywa funda dogo, akaliviringisha mdomoni kama zamani.

Chumvi! Chumvi, ndimu, na sukari kwa mbali.

Alisimama pale ameduwaa. Ndani ya nyumba ambayo yeye ananyimwa hata punje, kuna mtu anatembea na chupa nzima ya chumvi. Halafu nani mwenye akili timamu anayekunywa maji ya chumvi kwa hiari yake? Hakuna. Kwa hiyo chumvi imewekwa kuficha kitu kingine. Alikunywa funda la pili akitafuta hicho kitu kingine, na la tatu kuhakikisha. Alipoinyanyua chupa akahisi imepungua uzito. Bomba lilikuwa hatua chache tu. Alijazia maji mpaka pale ilipokuwa, akafunga, akafuta kifuniko kwa ncha ya shati.

Ushahidi wa siku moja haumfungi mtu, kwa hiyo kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Mafunda matatu yakawa kikombe, na kikombe kikawa na saa yake, akili ya mzee ikimkumbusha kabla tumbo halijakumbusha. Alijiambia ni uchunguzi. Uchunguzi gani unaomfanya mtu alambe midomo na kufumba macho, hilo hakujiuliza. Na kila akimaliza, anajazia maji. Mwanawe hakuwa amemwambia kwamba chumvi ile ndiyo dawa aliyopangiwa mkewe na daktari, na hakumwambia kwa sababu moja tu: aliogopa mzee akijua kuna chumvi ndani, ataitafuta.

Wiki zikasogea, na yule binti akaanza kuharibika machoni pa watu. Kitana kilimponyoka mkononi mara kwa mara. Kuna siku alifika katikati ya kichwa cha mteja akasahau mstari unaelekea wapi, akabaki ameshika unywele mmoja, midomo inacheza, macho yako mbali. Mteja mwingine aliondoka na nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimefungwa kitambaa, amenuna, baada ya msusi wake kuteleza kutoka kwenye stuli kama nguo inayoteleza kambani. Aliyemdaka alikuwa mteja mwenyewe. Mzee Pekua aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake.

"Anajua namtazama," alijisemea. "Ndiyo maana ameongeza vituko."

Lakini hata yeye mwenyewe hakuwa sawa. Kisogo kilimgonga asubuhi, masikio yakawa yanavuma, na akiinama kufunga kamba za viatu anaona nyota. Hapo ndipo wazo baya kuliko yote lilipomjia. Vipi kama yule binti anajua? Vipi kama amegundua kwamba baba mkwe anakunywa, na sasa anatia kitu mle kwa ajili yake? Wazo lilimtoa kijasho. Kulisema hakuweza, maana angesemaje bila kutaja kwamba yeye ndiye anayekunywa? Aliacha kwa siku mbili. Siku ya tatu maharage yalikuja hayana ladha hata ya kusingiziwa, na saa ya kikombe ilipofika akajikuta dirishani.

Kliniki ilipofika, mwanawe aliacha kazi akampeleka. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akapima, akakunja uso, akapima mkono wa pili.

"Baba, hii imepanda vibaya. Unakula chumvi?"

"Chumvi? Mwanangu, mimi nakula kama niko gerezani. Hata sura ya chumvi nimeisahau."

"Vidonge unameza?"

"Anameza mbele yangu," alisema mwanawe. "Kila siku nahakikisha."

Muuguzi aliandika, akainua macho. "Basi inaingia kwa mlango mwingine. Hivi tukiiacha, ndugu yangu, baba ataanguka, na akianguka anaweza asinyanyuke. Nyumbani nani anapika?"

Mzee Pekua aliangalia vidole vyake vya miguu, akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyevumilia mengi. Mwanawe akageuka kumtazama, na uso wake ukabadilika. Ni hapo, kwenye kiti cha kliniki, ambapo mzee alimshtaki mke wa mwanawe bila kutamka neno.

Nyumbani maneno yalitamkwa. Mzee alikaa sebuleni, mlango wa chumba cha mwanawe ukiwa wazi kidogo, sikio kalitega.

"Sijatia hata punje kwenye chakula cha baba," alisema yule binti. "Naapa."

"Sisemi umetia kwa makusudi. Lakini chumvi iko humu chumbani, mikono ni yako, vijiko ni vyako..."

"Kijiko changu hakiingii jikoni. Nanawa mikono kabla sijagusa sufuria. Nanawa mpaka ngozi inachubuka."

"Sasa inatoka wapi?"

Mzee akakohoa, akaona wakati wake umefika.

"Mwanangu," aliita, kwa sauti ya upole aliyokuwa akiitumia getini kabla ya kufungua mfuko wa mtu. "Mimi sina neno na mtu. Lakini umri wangu huu, sitaki kufia kwenye sahani. Ama mimi niondoke, au apike mtu mwingine."

Hapo akawa amemweka mwanawe kati ya nyundo na chuma, na alijua. Fundi umeme alizunguka sebule, akashika kichwa, akakaa, akainuka. Mwisho akatoka na uamuzi: mkewe aende kwao kwa muda, mpaka kliniki ijayo, na shangazi yake aje apike. Yule binti alisikiliza kimya kama maji ya mtungi. Kwao kulikuwa mbali. Daktari aliyemwelewa alikuwa huku, wateja wake walikuwa huku, na kitanda chake na mumewe kilikuwa huku. Isitoshe alikuwa amewaona wenzake walioenda kwao "kwa muda". Wengine muda huo mpaka leo haujaisha.

"Nitarudi lini?" aliuliza.

"Presha ya baba ikishuka," alijibu mumewe, akitazama pembeni.

Siku ya safari fundi umeme alikwenda kumalizia kazi ya watu, akaahidi kurudi alasiri amsindikize stendi. Msusi alifungasha kwa mafungu. Anakunja magauni mawili amekaa sakafuni, anajilaza, anakunja mengine. Mzee kwenye kiti chake alijisikia mshindi, na bado kuna kitu kilimkereketa. Kesho chupa ya bluu haitakuwepo. Kwa hiyo asubuhi ile, binti alipokuwa chumbani, mzee alikwenda dirishani akanywa cha kuagana, zaidi ya nusu ya chupa, akasimama bombani akajazia maji mpaka shingoni.

Jua likiwa kali, yule binti alitoka uani kuanua soksi zake. Aliinua mikono miwili kwenye kamba. Mzee alimwona anatoa kibanio cha kwanza, anatoa cha pili, kisha mikono ikabaki juu, imening'inia kama haina mwenyewe, na magoti yakakunjika. Alianguka ubavu, kichwa kikagonga ukingo wa saruji wa bomba.

"Maigizo," mdomo wa mzee ulisema wenyewe, kwa mazoea.

Lakini uani hapakuwa na mtazamaji. Hapakuwa na mteja, mume wala jirani. Alikuwapo yeye tu, mtu asiyemwamini. Nani anaigiza mbele ya mtu kama huyo? Mzee aliinuka. Damu ilikuwa inatiririka kutoka juu ya nyusi, na uso uliokuwa unang'aa ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Alipiga magoti kwa shida, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vilevile vilivyozoea kupekua. Mapigo yalikuwa yanakimbia hata hayahesabiki. Moyo wa mtu anayeigiza hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuuamrisha.

Alimburuta mpaka kivulini, barazani. Binti alifumbua macho, akainua miguu yake taratibu akaiweka juu ya kiti cha mzee.

"Baba, samahani," alisema. "Naomba chupa yangu."

Mzee aliileta. Binti alikunywa nusu bila kupumua. Akasubiri, mkono kifuani. Akanywa iliyobaki, akasubiri tena, machozi yakaanza kumtoka, yakachanganyika na damu.

"Zamani nikinywa hivi, baada ya muda kichwa kinatulia," alisema. "Naweza kusuka mpaka nikamaliza mtu. Sasa hata nimalize chupa nzima ni kama nimekunywa maji ya bomba."

Mzee Pekua alihisi masikio yanavuma. "Unatia nini humo?" aliuliza, swali ambalo angeweza kuliuliza tangu siku ya kwanza akiwa ameketi kwenye kiti chake.

"Chumvi tu, baba. Ndiyo dawa yangu, nimepimiwa na daktari. Inashika maji mwilini, damu inapata nguvu ya kupanda. Tulikuficha kwa sababu ya presha yako, mwanao alisema ukiijua utaitamani. Nisamehe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilipoacha kufanya kazi nilitaka kuongeza, nikaogopa. Nikasema, isije ikawa inaruka kwenye sufuria ya baba bila mimi kujua. Nikaanza hata kupunguza. Halafu nawaza usiku, pengine kweli ni mimi. Pengine ni mimi ninayemuua baba wa watu na sijui."

Mbele ya mzee hapakuwa na fumbo tena. Kila kijiko kilichopotea kutoka kwa binti huyu alijua kiliko: kiko kichwani mwake yeye, kinamgonga kisogoni. Na palipokuwa na dawa aliweka maji, mpaka usawa uleule, akafuta na kifuniko. Hakuna bomba jembamba ambalo lingehitajika. Aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye nyayo.

Alilowesha kitambaa, akamfunga jeraha, akamwekea mto chini ya kichwa. Akamuuliza chumvi iko wapi, akaingia chumbani mle ambamo hakuwahi kukanyaga, akaleta kopo na kijiko na maji kwenye jagi, akavisogeza karibu yake bila kugusa kopo kwa kidole. "Pima mwenyewe," alisema. Kisha akaichukua chupa tupu ya bluu, akashuka ngazi za baraza, akavuka ua, na kufungua geti la mabati pande zote mbili. Akasimama pembeni ya geti, jua la alasiri usoni, chupa ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Baba?" binti aliita. "Baba, unafanya nini huko?"

Watu walipita. Mwuza duka wa jirani alimsalimia, akashangaa, akaenda zake. Mteja aliyewahi kuondoka na nusu ya kichwa alipita akageuka mara mbili. Miguu ya mzee ilianza kutetemeka, jasho likamshuka mgongoni, lakini hakuegemea ukuta. Ndivyo alivyokuwa mpaka pikipiki ya mwanawe ilipokata kona.

Fundi umeme alizima pikipiki kabla hajafika. Alimtazama baba yake, akaitazama mikono miwili, akaitazama chupa. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aone mtu amesimama hivyo, na hata hivyo macho yake, kwa mazoea ya utotoni, yalikimbilia chini.

"Baba," alisema polepole. "Umechukua nini?"

"Nilikuwa nakunywa chumvi yake," alisema Mzee Pekua. "Kila siku. Halafu..." Hapo ndipo palipomshinda. Akaanza upya. "Halafu najazia maji."

Mwanawe alishika usukani wa pikipiki kwa nguvu. Alimwona mkewe barazani na kitambaa chenye damu kichwani, na hasira ikampanda mpaka shingo ikavimba. Alikuwa na mengi ya kusema, ila aliyekuwa mbele yake ni baba yake, na baba alikuwa ameshajihukumu kwa sheria yake mwenyewe.

"Ingia ndani, baba. Utaanguka."

"Si wewe unayesema. Asemaye ni mwenye mali."

Wote wawili wakageuka barazani. Yule binti alikuwa amejikokota akakaa, mgongo ukutani, kikombe cha dawa mkononi. Alikuwa ameelewa. Naye hakuwa na haraka. Alikunywa, akakunja uso, akafuta mdomo.

"Miguu inakuuma, baba?" aliuliza mwishowe.

"Inauma."

"Kichwa?"

"Kinazunguka."

"Na moyo?"

"Unakimbia, mwanangu. Unakimbia kama utatoka."

"Mimi nikisimama, ni hivyo," alisema binti. "Na hakuna wa kuniambia inatosha."

Mzee aliinamisha kichwa. Alimkumbuka binti wa kufungasha, aliyesimamishwa mara ya pili, na sura yake ambayo miaka yote hakuwahi kujisumbua kuikumbuka ikaja wazi mbele ya macho yake.

Msusi alinyoosha mguu wake wenye soksi ya kubana, akaisukuma stuli yake ya kusukia mpaka ukingoni mwa baraza.

"Inatosha, baba," alisema. "Njoo ukae."